Kabla hujasema "nimehakiwa": mambo ya kuzingatia gemu inapokwama

Mechi ya mashindano inaanza saa mbili usiku. Saa mbili na dakika kumi mchezaji wako anaganda uwanjani, na kabla skrini haijafunguka umeshaandika kwenye grupu kwamba umehakiwa, yaani mpinzani amekushambulia mtandao. Subiri kwanza. Mashambulizi yapo kweli, ila kwenye orodha ya kukagua yanakaa mwisho.

Anza kutenganisha kifaa na mtandao. Picha ikienda kwa kukatakata huku pingi (muda wa data kwenda kwenye seva, kompyuta inayoendesha gemu, na kurudi) haijasogea, kosa ni la kifaa. Simu iliyochezewa saa nzima kwenye joto la Dar la Februari, ikiwa ndani ya kava na juu ya chaji, hujipunguzia kasi yenyewe isiungue. Toa kava, chomoa chaji, shusha ubora wa picha. Mtandao mbovu una sura yake: picha ni laini, ila watu wanaruka kutoka hapa hadi pale, au wewe unarudishwa ulikotoka.

Usinunue kasi ukidhani umenunua pingi. Gemu yenyewe hula data kidogo, nyingi hazifiki hata MB 150 kwa saa. Kinachohesabika ni safari. Ndani ya faiba mwanga hukimbia kilomita 200,000 hivi kwa sekunde. Dar hadi Johannesburg ni kilomita 2,400 na ushee, kwa hiyo kwenda na kurudi hakushuki chini ya milisekunde 24. Frankfurt ni takriban 7,000, yaani 70, na hapo tumepiga mstari ulionyooka ambao kebo za baharini haziufuati. Chagua seva ya karibu kwenye mipangilio. Na uliza habari za kebo kabla ya siku ya mchezo: tarehe 12 Mei 2024 kebo za EASSy na SEACOM zilikatika pamoja, na siku kama ile huna cha kurekebisha nyumbani.

Tumia waya wa LAN kutoka kwenye ruta. Huna? Kaa chumba kimoja na ruta, kwenye WiFi ya 5 GHz.

Unachezea bando la simu? Kama laini haina VoLTE (kupiga simu kupitia 4G yenyewe), simu ikiingia tu inakushusha kutoka 4G hadi 3G na gemu inakatika. Kuzima mlio hakusaidii kitu. Elekeza simu zinazoingia kwenye namba nyingine mpaka mechi iishe.

Sasa foleni ya data kwenye ruta, na hapa tulia, maana ndipo urafiki mwingi unapovunjika. Tuseme nyumba ya wapangaji Sinza, ruta moja, kasi ya kupakia Mbps 4. Kila usiku saa mbili na robo gemu inakufa dakika mbili, halafu inafufuka kama hakuna kilichotokea. Lawama wiki nzima anabeba mpinzani mmoja, kwa kuwa tu ndiye wanayekutana naye muda ule. Kumbe chumba cha pili kuna dada anayerudi kazini saa hiyo hiyo. Simu yake ikishika WiFi inaanza kupandisha picha na video za siku kwenye Google Photos. Video ya MB 60 ni megabiti 480. Kwa Mbps 4 hiyo ni sekunde 120, ndizo zile dakika mbili.

Mbona gemu inayohitaji kidogo inakufa kabisa? Kwa sababu ruta haitupi data iliyozidi, inaipanga mstari. Ikiwa na nafasi ya KB 500 ya kupangia, hizo ni megabiti 4, sawa na sekunde nzima ya kusubiri. Kila pasi unayopiga inasimama nyuma ya picha za harusi kwa sekunde moja, kama bodaboda iliyobanwa na malori Buguruni pasipo hata upenyo. Ukija kupima kasi baadaye, video imeshapanda, namba ni safi, na wewe unaapa umehakiwa.

Jipime mwenyewe. Kwenye kompyuta fungua madirisha mawili: moja andika ping 192.168.1.1 -t (anwani ya ruta yako iko kwenye stika chini yake), jingine ping 8.8.8.8 -t (hiyo ni seva ya Google). Kisha tuma video kubwa kutoka simu nyingine. La kwanza likiyumba, tatizo ni WiFi. La kwanza likitulia na la pili likapanda mara tano, ni foleni. Yote yakiwa shwari lakini gemu inakwama, shida iko kwenye seva au njia ya kwenda huko.

Dawa ya foleni ni SQM, mpangilio wa ruta unaozuia foleni isirefuke, au QoS, unaotanguliza data ya haraka, kama ruta haina SQM. Weka kikomo cha kupakia asilimia 85 hadi 90 ya kasi uliyopima. Kwa Mbps 4 andika 3.5. Ruta nyingi za bure hazina kitu hiki, tafuta inayokubali OpenWrt, programu huria ya kuendeshea ruta. Kwenye ruta za 4G hufanya kazi kwa shida, kwa kuwa kasi yenyewe hubadilika kila saa. Huko mwombe dada apandishe picha usiku wa manane.

Kupigwa risasi ukiwa umeshajificha nyuma ya ukuta nako si kuhakiwa. Seva hurudisha muda nyuma ione mpigaji alikuona wapi alipobonyeza.

Mtu wa kukushambulia anahitaji anwani yako ya IP (namba inayotambulisha mtandao wako), na jina lako la gemu halimpi. PUBG Mobile na Free Fire hupitia seva. GTA Online huunganisha wachezaji moja kwa moja, huko uwe macho. Tazama pia anwani ya WAN (ya upande wa intaneti) kwenye ruta: ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, uko nyuma ya anwani moja na wateja wengine kibao wa kampuni yako, na shambulio lingewagusa na wao. Waulize majirani kama nao wamekatika.

VPN, huduma ya kupitisha data yako kwenye seva nyingine, huficha IP, ila mara nyingi hurefusha safari, na TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, tangu Oktoba 2023 inataka matumizi yake yasajiliwe.

Usilipe tovuti ya kuangusha mtandao wa mtu eti unalipiza. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakuhusu. Na kama kuna kamera ya ulinzi kwenye ruta hiyo, badili nenosiri la kiwandani leo. Kirusi cha Mirai mwaka 2016 kiliteka kamera na ruta za namna hiyo ili kushambulia wengine, na kamera iliyotekwa hupakia data kupitia Mbps 4 zako hizo hizo.