Usimuulize mama mbele ya kiti: namna ya kupima kama wazazi wameridhika na matibabu ya meno ya watoto wao

Ile karatasi ninayo hadi leo. Mama mmoja alimleta mwanawe wa miaka mitano, gego la chini limeoza vibaya. Nikamchoma mtoto ganzi, nikaling'oa. Alilia kidogo tu. Tulipomaliza nikampa mama fomu yetu ya maoni pamoja na kalamu yangu, nikasimama pembeni nikivua glavu huku akijaza. Aliweka tiki kwenye "Nimeridhika sana", akanishukuru, akaondoka.

Kesho yake asubuhi alirudi. Mdomo wa chini wa mtoto umevimba, umechubuka, una utando mweupe. Mama aliamini sindano ilikuwa mbaya. Kumbe ganzi ya taya la chini hukaa kwenye mdomo saa mbili, tatu, hata zaidi, na mtoto asiyehisi kitu alikuwa ameutafuna mdomo wake tangu kwenye daladala hadi nyumbani. Mimi sikumwonya mama yake. Na fomu inasema ameridhika sana.

Mimi ni tabibu wa meno katika kituo cha afya mkoani Tanga. Tangu siku hiyo siiamini fomu inayojazwa mbele yangu, na kila mwenzangu anayetaka kupima kuridhika kwa wazazi namweleza haya.

Nani aulize, na wapi

Asiulize aliyetibu. Asiulize pia muuguzi aliyemshika mtoto kichwa. Mzazi aliyekwisha kukusalimia "shikamoo daktari" hatakwambia usoni kwamba ulimkemea mwanawe. Ataona ni kukosa adabu, tena anajua jino jingine likiuma atarudi kwako huyo huyo. Kwetu anauliza mhudumu wa afya ngazi ya jamii, akiwa na nguo zake za kawaida, kwenye benchi chini ya mwembe, mzazi akishamaliza mambo yote ya dirishani. Kwanza anamweleza kwamba jina haliandikwi na kwamba akikataa kujibu huduma yake haitabadilika. Kisha anaomba ruhusa ya kumpigia simu kesho. Namba inaandikwa kwenye daftari la pembeni na kufutwa simu ikishapigwa.

Simu hiyo usiiache. Mzazi anayetoka mlangoni bado yuko kwenye nafuu ya kumaliza: mtoto amenyamaza, wanakwenda nyumbani. Usiku ndipo anapojua kama alielezwa vya kutosha. Mtoto alilala? Alikula nini? Damu ilikatika saa ngapi? Kuna kitu kilikutia hofu?

Uliza yaliyotokea

"Umeridhika na huduma?" ni swali ambalo jibu lake ni ndiyo hata kabla hujalimaliza. Sisi tunauliza hivi:

Mlifika saa ngapi, na mtoto aliingia saa ngapi?
Kabla ya kuanza, ulielezwa jino lina tatizo gani na litafanywa nini?
Uliruhusiwa kukaa karibu na mtoto?
Mtoto alishikwa kwa nguvu wakati wowote? Uliombwa ruhusa kwanza?
Umeambiwa uangalie nini mkifika nyumbani?
Jino jingine likimuuma, utamleta hapa? Kwa nini?

Swali la tano nalithamini kuliko yote. Usimtajie mzazi majibu, mwache aseme mwenyewe. Akinyamaza, hukumweleza, au ulimweleza wakati mtoto analia na hakusikia. Kwangu mimi yote mawili ni kosa letu.

Usibebeshe swali moja mambo mawili. "Daktari alikuwa mpole na alieleza vizuri?" Mpole alikuwa, kueleza hakueleza, sasa mzazi ajibu lipi?

Lipo dodoso linalojulikana la Norman Corah na wenzake, la mwaka 1984, lenye kauli 10 zinazogusa maelezo, kueleweka kwa mgonjwa, na ufundi wa daktari. Linasaidia, lakini usilitafsiri na kulitumia siku hiyo hiyo. Wasomee wazazi kama 10 hivi, kila mmoja akueleze swali kwa maneno yake. Tulipojaribu kauli kwamba daktari "alinikubali", bibi mmoja akauliza, "Alinikubali kwa lipi, mwanangu?" Tukaibadilisha. Na kuhusu ufundi, kuwa mwangalifu: mzazi haoni kama jino limezibwa sawasawa. Muulize alichokiona.

Kwa kutoa alama tunatumia vidole vya mkono: kimoja ni mbaya kabisa, vitano ni vizuri sana. Bibi asiyesoma na baba mwenye digrii wote wanajibu bila shida.

Andika pia haya

Aliyemleta mtoto ni nani: mama, baba, bibi au dada wa kazi? Dada hatalalamikia gharama, baba aliyebaki nje hajui mtoto alishikwaje. Andika pia mtoto alivyokuwa kwenye kiti. Ngazi nne za Frankl, kuanzia anayekataa kabisa hadi anayeshirikiana kwa furaha, zinatosha. Mtoto aliyepiga kelele humtia mzazi aibu, na aibu hiyo huingia kwenye majibu. Mtoto mwenyewe, kuanzia miaka mitatu, mwonyeshe zile picha sita za nyuso za Wong-Baker, za kupima maumivu, achague yake.

Tenganisha matibabu. Aliyeng'olewa jino na aliyezibwa kwa vifaa vya mkono bila mashine, njia iliyoanzia hapa hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, hawana malalamiko yale yale. Waliopakwa dawa ya madini ya fedha inayosimamisha kuoza wahesabu peke yao kabisa, kwa sababu sehemu iliyooza hugeuka nyeusi. Mzazi asiyeambiwa mapema atadhani umeliharibu jino.

Wakati wa kuhesabu usikimbilie wastani. Wazazi 30 wakionyesha vidole vitano na 10 wakionyesha kimoja, wastani ni 4, na utapongezwa kikaoni. Wale 10 ndio wa kuzungumzia, jibu moja baada ya jingine. Fungua pia rejista ya miadi uone nani hakurudi. Huyo naye amejibu, na kama una ruhusa yake mpigie.

Ukitaka kuyachapisha kama utafiti, tafuta kwanza kibali cha maadili.

Swali la tano lilipoendelea kujibiwa kwa kimya, tulianza kumbandikia kila mtoto aliyechomwa ganzi karatasi kifuani: "Mdomo una ganzi, nisile hadi saa saba." Saa tunaijaza kwa kalamu, na mzazi huirudia kwa sauti kabla hajatoka chumbani.