Kula Chakula cha Kifalme cha Awadh Mjini Lucknow

Lucknow ni mji wa kaskazini mwa India, na Awadh ni ufalme wa zamani wa eneo hilo. Anza na kababu za galouti zingali moto. Nyama yake husagwa laini mno na kulainishwa kwa papai bichi, hivyo uma huivuruga tu. Mega paratha, mkate bapa wa tabaka kama chapati, kwa mkono wa kulia, bana kababu, tia mdomoni. Zikipoa mafuta huganda, na hapo utamu umekwisha.

Watu wawili waagize sahani moja ya kababu, korma moja (mchuzi mzito wa nyama) na biriani moja. Shirmal, mkate wa maziwa na zafarani, una utamu kidogo. Kula mkate huo pamoja na korma. Biriani ya dum huiva kwa mvuke wa chungu kilichozibwa kwa unga uliokandwa, na nyama hukaa chini: pakua hadi chini. Iliki na karafuu nzima weka kando.