Wastaafu wenzangu wa Mbeya na Iringa: jinsi ya kwenda kupunga upepo siku nne bila kurudi hoi

Sisi wastaafu wa Nyanda za Juu tunasafiri sana, ila ukiangalia vizuri safari zenyewe ni msiba, harusi, na kwenda Dar kulea mjukuu, na hiyo ya mjukuu ndo tunaiita likizo wakati unaamka saa kumi na moja alfajiri kuchemsha uji na mzee anatumwa dukani kununua pampasi. Mimi na mzee wangu tulikuwa walimu wote, tunakaa Uyole, na tangu tuanze kutoka wawili tu, siku tatu nne hivi, mara mbili kwa mwaka, nimeona kosa la wengi ni moja: wanaanza na safari kubwa. Wanaunganisha Zanzibar moja kwa moja, basi masaa kumi na mbili na zaidi kwa mkupuo, wakirudi miguu imevimba wanasema haturudii tena. Anzeni karibu.

Karibu kwetu ni Matema, kule kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa. Mnapanda Kosta asubuhi pale stendi ya Nane Nane, mnapita Kiwira na Tukuyu kwenye migomba na mashamba ya chai, mnashuka mpaka Kyela, hapo mnabadilisha gari la Matema kupitia Ipinda. Mtatoka mita kama 1,700 hapa Mbeya mpaka chini ya mita 500 kule ziwani, kwahiyo sweta mlilovaa asubuhi mtalibeba mkononi ikifika saa sita, na mbu wapo. Toeni hela mkiwa Kyela mjini, msitegemee kuipata mbele. Kulala si lazima hoteli ya watalii, kuna nyumba za wageni za kawaida na za kanisa, pigeni simu kabla na muulize maswali mawili tu ambayo mimi huwa siachi: choo cha ndani ni cha kukaa au cha kuchuchumaa, na kutoka chumbani mpaka mchangani kuna ngazi ngapi. Kwa magoti ya miaka 65 hayo ni maswali ya maana kuliko televisheni.

Siku ya kwanza tumefika pale mzee alivua viatu akakunja suruali yake ya kitambaa mpaka magotini, akavibeba viatu mkononi kama mwanafunzi anayevuka mto, akainama akachota maji akayaonja. "Hayana chumvi," akasema, utadhani alikuwa hajui kwamba ni ziwa, na jiografia kafundisha miaka thelathini! Basi tukakaa pale mchangani tukaangalia milima ya Livingstone inavyobadilika rangi jioni, hatukuongea saa nzima, na hatukuwa tumegombana.

Ila ziwa msilichukulie poa. Kichocho kipo Ziwa Nyasa, kwahiyo mkishaingia majini mwambieni daktari mkirudi awapime. Pale mto unapoingilia ziwani msikae, mamba wapo, waulizeni wenyeji wanaogelea wapi. Upepo wa mwera unapovuma, hasa kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane, mawimbi yanakuwa makubwa, mtumbwi pandeni asubuhi au achaneni nao.

Mkishaizoea hiyo ndo mfikirie bahari. Mbeya mpaka Dar ni kama kilomita 830, na ushauri wangu ambao mzee aliupinga mwanzoni akidai ni kupoteza hela ni huu: ikateni. Lala Iringa. Kesho yake mnashuka mlima Kitonga mkiwa na nguvu, mnalipata joto la Ruaha Mbuyuni pale kwenye vitunguu, mnakatiza Mikumi mkiangalia twiga dirishani badala ya kusinzia, mnashuka Morogoro, Msamvu. Alafu hapo Morogoro msiendelee na basi, chukueni treni ya SGR, ilianza 2024, haifiki masaa mawili mko Dar, na inawaweka katikati ya jiji karibu na bandari badala ya kuwatupa Mbezi kwenye foleni. Tiketi wanataka kitambulisho, beba cha NIDA. Nyie wa Iringa na Mafinga mmeshapunguziwa sehemu ya safari hapo hata msilalamike. Mwenye uwezo apande ndege uwanja wa Songwe, ni saa moja na kitu tu, ukikata tiketi mapema bei inakuwa na nafuu.

Kwenye basi tatizo kubwa la umri wetu ni kuchimba dawa, yaani kujisaidia njiani. Wengi wetu tunaacha kunywa maji toka jana yake ili tusimsumbue dereva, alafu mwili unakauka, kichwa kinauma. Kunyweni maji kidogo kidogo na mwambieni kondakta mapema kabisa kabla basi halijaondoka, kwa heshima, "mwanangu sisi ni wazee tutakuomba usimame", wengi wanaelewa. Kateni siti za mbele. Kila basi likisimama shukeni mtembee hata kama hamjabanwa. Kama unatumia dawa ya presha ile ya kukukojolesha muulize daktari siku ya safari uimeze saa ngapi, usijiamulie, na dawa zote zikae kwenye mkoba wa mkononi sio kwenye buti la basi, maana begi likipotea nguo utanunua Kariakoo ila dawa zako za mwezi mzima utazieleza vipi?

Mkifika Dar msilale kwa mtoto. Najua itamuuma ila mkilala kule mmeshaingia zamu ya kulea, nendeni mkamsalimie siku ya mwisho. Kama Zanzibar ni mbali, Bagamoyo inatosha na Kigamboni inatosha. Kwa Zanzibar boti ni kama masaa mawili, na kipindi cha upepo wa kusi bahari inachafuka, mzee wangu alitapika mpaka akaanza kuniusia mambo ya shamba. Kaeni chini na katikati ya boti, sio juu mbele mlikokimbilia kuangalia, na dawa ya kichefuchefu imezwe kabla ya kuondoka. Kingine ambacho sisi watu wa ziwa hatukijui ni kupwa na kujaa. Upande wa mashariki, Paje na Jambiani, maji yakipwa yanaenda mbali kweli, unaamka asubuhi unakuta bahari haipo, wanawake wako huko wanalima mwani. Mkitaka kuoga muda wowote Nungwi na Kendwa ni afadhali. Vaeni kandambili ngumu majini sababu ya urchini, wale wa miba mieusi. Na mkiulizia chumba semeni mapema kwamba ni Watanzania, mara nyingi bei yetu ni tofauti na ya mgeni. Huko ni nchi ya Waislamu wengi, bukta na kanga kifuani viishie ufukweni, mjini jisitirini.

Sasa nje ya nchi. Watu wanasikia nje ya nchi wanawaza Dubai wakati Malawi iko hapo Kasumulu, nyuma ya Kyela. Unagongewa muhuri wa kutoka upande wetu, unavuka daraja la mto Songwe, unagongewa wa kuingia upande wao, na hakikisha YOTE miwili umepata kabla hujapanda gari, maana siku ya kurudi ndo watakuuliza. Karonga ni chini ya saa moja toka pale. Kuna makumbusho yenye mifupa ya dinosaria waliyemchimbua maeneo hayohayo, mchana mnakula samaki na nsima, ambayo ni ugali wetu tu, na usafiri wa mjini ni baiskeli wanaita kabaza, mimi nilikataa kupanda mzee akapanda. Saa zao ziko nyuma yetu kwa saa moja, mkumbuke hilo kwenye muda wa gari la kurudi.

Pasipoti ni shilingi 150,000 na inakaa miaka 10, ukigawanya sio hela ya kutisha, fomu inajazwa mtandaoni, mtoto au mjukuu awasaidie. Kama ni Malawi tu mara moja ulizeni uhamiaji kuhusu hati ya dharura, ni bei nafuu zaidi. Kadi ya manjano bebeni, chanjo ya mara moja inatosha maisha yote.

Hela badilisheni sehemu yenye ofisi. Mimi mwalimu wa hesabu mzima nilipigwa pale mpakani na kijana mwenye kofia, akanihesabia noti mbele ya macho yangu, tap tap tap, nikaridhika, kufika Karonga nakuta noti kadhaa zilikuwa zimekunjwa katikati, kila moja ilihesabiwa mara mbili. Mzee hakusema kitu. Alisema jioni! Kwacha ya Malawi na ya Zambia ni hela mbili tofauti pia, wa Tunduma muwe makini. Maporomoko ya Victoria kule mji wa Livingstone, Zambia, yanavutia ila toka Tunduma mpaka Lusaka tu ni kama kilomita 1,000, hiyo iacheni mpaka mmeshaiva.

Hela ya safari isitoke kwenye kiinua mgongo, sisi tunatenga kidogo kwenye pensheni kila mwezi kwenye kibubu cha mbao, ufunguo nimempa jirani. Msisafiri siku za uhakiki wa pensheni. Wakati mzuri ni mwezi wa sita mpaka wa tisa, huku kwetu baridi kali, kule pwani masika imeisha na joto limepungua, ila mahindi yawe yameshaingia ndani. Ng'ombe mtafutieni mtu aliyewahi kuwakamua kabla, sio mtu mpya, ng'ombe wetu mmoja alimgomea kijana siku mbili akapata ugonjwa wa kiwele.

Mkirudi pumzikeni siku nzima kabla ya kwenda shamba, na ukipata homa wiki moja mbili baadae kapime malaria siku hiyohiyo, huku juu hatuijui sana malaria na ikitupata inatupiga vibaya.

Na mkienda Matema Jumamosi nendeni mnadani Lyulilo mkanunue vyungu vya Wakisi, vinaletwa kwa mitumbwi toka Ikombe. Viwekeni ndani ya sufuria la mchele wa Kyela mfunge na kanga, mpakate wenyewe. Changu cha kwanza nilimwachia kondakta akakiweka juu ya Kosta, kilifika Tukuyu ni vigae.