Kupanda na Kutunza Petunia Katika Bustani za Nairobi

Mkazi wa Nairobi anayetaka kupanda petunia na atazame kwanza majira ya mvua, ndipo anunue mbegu. Ua hili, ambalo asili yake ni Amerika Kusini na ambalo ni la ukoo mmoja na nyanya, viazi na tumbaku, hupenda jua la angalau saa 6 kwa siku, lakini mvua kubwa za Machi hadi Mei huchana petali zake na kuziletea ukungu wa kijivu. Kwa hiyo ni afadhali mbegu zipandwe mwezi wa Mei, mahali palipoezekwa lakini penye mwanga, ili miche ihamishwe mvua zikiisha.

Mbegu zenyewe ni ndogo kama vumbi na huhitaji mwanga ili ziote. Zitawanywe juu ya udongo laini wenye unyevu, wala zisifukiwe. Huota baada ya wiki moja au mbili. Asiye na subira hiyo anaweza kununua miche kwenye vitalu vya kando ya barabara, mradi achague mfupi wenye matawi mengi, hata kama muuzaji anausifia ule mrefu uliokwisha kuchanua.

Udongo ndio hutenganisha bustani na bustani. Ule mwekundu wa Karen au Runda hupitisha maji vizuri, na samadi iliyooza huutosha. Ule mweusi wa Embakasi hutuamisha maji hadi mizizi ikaoza, kwa hiyo matuta yainuliwe kwa sentimita 20 hivi na kuchanganywa na mboji nyingi, au petunia ipandwe kwenye vyungu vyenye matundu, jambo ambalo kwa maoni yangu ni rahisi zaidi. Miche iachiane sentimita 30.

Mche ukifikia sentimita 15, kata ncha yake ili utoe matawi. Mwagilia shinani asubuhi, bila kulowesha maua. Maua yanayonyauka yaondolewe pamoja na kikonyo, kwa sababu mmea ukianza kutengeneza mbegu hupunguza kuchanua. Mbolea yenye naitrojeni nyingi huleta majani tu. Mvutaji wa sigara anawe mikono kwa sabuni kabla ya kuigusa mimea, kwani virusi vya tumbaku huishambulia petunia pia. Matawi yakirefuka na kubaki matupu, yapunguze kwa nusu, kisha uendelee kumwagilia, yatachipua upya.