Kabla Hujazungusha Hadi Sitini

Darubini yangu kubwa, ile ya jicho moja inayosimama kwenye stendi, niliuziwa na mgeni aliyekuwa akirudi kwao na hakutaka kubeba mzigo. Lenzi ya mbele ina upana wa milimita 80, na pete ya zumu inakuza kuanzia mara 20 hadi mara 60. Mpwa wangu alipoishika siku ya kwanza, akazungusha pete hadi mwisho, akaielekeza Ziwa Nakuru, kisha akanigeukia. "Mjomba, hii imekufa."

Haikuwa imekufa. Kwenye 60 unaona kipande kidogo sana cha ziwa, tena chenye giza, na kila mtikisiko unakuzwa pamoja na ndege. Anzia 20. Mtafute ndege, mweke katikati kabisa, kaza stendi, ndipo uongeze ukuzaji polepole huku ukirekebisha fokasi. Akikupotea, usimsake ukiwa huko juu. Teremka hadi 20 uanze tena. Alama hazikosekani: maji ya ziwa yalipopanda miaka ya 2010 yalizamisha migunga mingi, na mingine ingali imesimama majini, mikavu. Mimi humwambia mgeni ninayemtembeza, "Mgunga wa tatu kutoka kushoto, chini ya yule mnandi," naye anafika.

Giza lina hesabu yake. Gawanya kipimo cha lenzi ya mbele kwa ukuzaji. 80 kwa 20 ni 4, yaani mwanga unaokufikia jichoni una upana wa milimita 4. 80 kwa 60 ni 1.3 tu. Alfajiri mboni ya jicho imetanuka kupita hapo, kwa hiyo 60 itakuonyesha kivuli cha ndege. Mwenye lenzi ya 65 ataumia zaidi.

Basi unangoja jua, na jua nalo linaleta mazigazi. Saa nne asubuhi, hewa iliyo juu ya tope la ufukweni inacheza kama iliyo juu ya jiko la makaa, na ukiongeza ukuzaji unaikuza hewa hiyo hiyo. Hakuna bei ya darubini inayotibu hilo. Punguza hadi 30, au sogea karibu. Kwangu 60 ina kazi kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, halafu tena baada ya saa kumi jioni. Siku ya mawingu unaongezewa muda. Angalia pia umesimama wapi. Baboon Cliff, lile genge la kutazamia, iko magharibi mwa ziwa, kwa hiyo asubuhi jua linakupiga usoni na heroe wote wanakuwa weusi. Huko nenda jioni, asubuhi kaa upande wa mashariki.

Ndani ya hifadhi huruhusiwi kushuka garini ila mahali palipotengwa, kwa hiyo mara nyingi stendi inabaki nyuma ya kiti. Mama watoto alinishonea mfuko wa leso, nikaujaza kilo mbili za maharagwe, nao naulaza juu ya kioo cha dirisha kilichoteremshwa nusu. Zima injini. Waombe abiria watulie, hata yule anayetafuta biskuti. Kwa mfuko huo nafika 40 bila shida. 60 ni kubahatisha. Nje, usiivute miguu ya stendi yote hadi mwisho, na upepo ukivuma ning'iniza begi katikati yake. Ukishafokasi, ondoa mkono kabisa, utazame tu.

Wenye miwani, kunjeni ule mpira wa kuwekea jicho. Hata hivyo ukipanda juu duara la picha huenda likabana. Mimi huvua yangu na kufokasi upya.

Je, ukuzaji mkubwa ni wa nini hasa? Si wa heroe. Mara 25 inatosha kumjua heroe mdogo kwa mdomo wake mwekundu wa kuiva, karibu mweusi, na heroe mkubwa kwa mdomo wa waridi wenye ncha nyeusi. 60 ni ya kusoma pete ya utambulisho ambayo watafiti humvisha ndege mguuni, na ya wale chamchanga wadogo, ndege wa ufukweni, wanaotoka kaskazini ya mbali kuanzia Agosti. Kuna wawili wanaofanana sana, ila mmoja ana miguu myeusi na mwingine ya manjano. Hapo ndipo nilipoaibika. Niliwatangazia wageni wanne kwamba tumempata yule wa manjano, adimu zaidi, nikiwa kwenye 60, picha safi kabisa. Wakaandika. Ndege akaingia majini hatua tatu, akatoka na miguu myeusi tititi. Nilikuwa nimewakuzia tope. Siku hizi sitaji jina kabla ndege hajanawa miguu.

Simu ya kupigia picha haitaki zaidi ya 30. Ishikilie nyuma ya darubini, upige kwa kutumia sekunde za kuchelewesha ili kidole kisitikise.

Na kabla ya kufunika: vumbi la magadi la kule ufukweni linakwaruza. Lipulize kwanza kwa kipulizi cha mpira, kisha ndipo upitishe kitambaa, tena kisiwe kile cha kufutia kioo cha gari.