Jinsi ya Kukadiria Maada Nyeusi Iliyobaki Tangu Ulimwengu Ulipokuwa Mchanga

Anayetaka kukadiria kiasi cha maada nyeusi (maada isiyoonekana, inayotambuliwa kwa mvutano wake tu) aanze kwa kuandika jambo ambalo mara nyingi huachwa bila kutajwa: anachukulia kwamba ulimwengu ulikuwa katika hali gani kabla ya kutimiza sekunde 1. Viwango vya heli na deuteri (hidrojeni nzito), zilizoundwa ulimwengu ukiwa mchanga, vinatupa ushahidi madhubuti kuanzia halijoto ya takribani MeV 1 (elektronivolti milioni 1, kipimo cha nishati kinachotumika pia kwa halijoto na uzito wa chembe); yaliyotangulia hapo tunayakisia, na jibu la hesabu hufuata makisio hayo.

Chukua mfano wa chembe ya maada nyeusi yenye uzito wa GeV 100 (GeV 1 ni MeV 1,000). Joto lilipokuwa kali mno, chembe hizo zilizaliwa na kuangamizana kwa kasi iliyolingana. Halijoto iliposhuka chini ya uzito wao, kuzaliwa kulififia na idadi yao ikaporomoka, hadi ulimwengu ulipotanuka kiasi kwamba hazikuweza tena kukutana. Kwa hiyo linganisha kasi mbili: ya kuangamizana, yaani wingi wa chembe katika kila sentimita ya ujazo ukizidishwa kwa uwezo wao wa kuangamizana, na ya kutanuka kwa ulimwengu. Kwa chembe za aina hii kasi hizo huwa sawa halijoto inapofikia kati ya 1/25 na 1/20 ya uzito, yaani GeV 4 hadi 5.

Kiasi kinachobaki huenda kinyume na uwezo wa kuangamizana. Uwezo wa takribani sentimita za ujazo 3 × 10⁻²⁶ kwa sekunde hutoa msongamano wa maada nyeusi ya leo ulio karibu na 0.12 (namba isiyo na kipimo, ambayo wanakosmolojia huiandika Ωh²), ambao ndio uliopimwa na setilaiti ya Planck na kuchapishwa mwaka 2018. Ukipunguza uwezo huo mara 10, unapata takribani 1.2, na wengi huitupa chembe hiyo papo hapo.

Binafsi naona ni mapema mno kuitupa, kwa sababu hesabu hiyo imechukulia kwamba mnururisho, yaani mwanga na chembe nyingine ziendazo kasi sana, ndio uliotawala nishati ya ulimwengu wakati huo wote wa mwanzo. Tuseme kulikuwa na chembe nyingine nzito, yenye maisha marefu, iliyotawala nishati yote kisha ikaoza na kuongeza entropia (hapa, kwa makadirio, wingi wa chembe za joto) mara 10: maada nyeusi itakuwa imezimuliwa, kama mchuzi ulioongezwa maji, na 1.2 itashuka hadi 0.12. Hapa hakikisha mambo mawili. Halijoto baada ya kuoza iwe chini ya zile GeV 4, la sivyo chembe zetu zitarudi kwenye msawazo, yaani kuzaliwa na kuangamizana kwa kasi sawa, na kuanza upya; tena izidi MeV kadhaa, ili utengenezaji wa heli usivurugike. Iwapo kuoza huko kwenyewe kunazaa maada nyeusi, ongeza mchango huo, kwani unaweza kufuta faida yote ya kuzimua.

Kinyume chake pia kinawezekana. Ikiwa nishati iliyotawala ilikuwa ya mwendo wa uga (kitu kilichoenea angani kote, chenye thamani inayobadilika), ambayo hupungua kwa kipeo cha 6 cha ukubwa wa ulimwengu, kutanuka kulikuwa kwa haraka zaidi katika halijoto ileile. Chembe ziliachana mapema, zingali nyingi, na ile yenye uwezo mkubwa wa kuangamizana, ambayo hesabu ya kawaida ingeiona haitoshi, huweza kufikia 0.12.