Kumfundisha mtoto habari za wamisionari bila kumpotosha

Kwa watoto wa miaka 7 hadi 10 wa shule ya Jumapili, dakika 30 zinatosha. Andaa ramani ya Afrika, uzi mwekundu na pini nne.

Anzia nyumbani. Choma pini Mpwapwa: wamisionari wa CMS (Church Missionary Society), shirika la Kianglikana la Uingereza, walifika hapo miaka ya 1870, maana palikuwa kwenye njia ya misafara ya bara. Mtoto wa Dodoma akiona pini ya kwanza iko karibu na kwa bibi yake, atatega sikio.

Kisha David Livingstone, mmisionari kutoka Uskoti, na hapa usikimbie. Alifia kijijini kwa chifu Chitambo, Zambia ya leo, mwaka 1873. Waafrika waliosafiri naye, Susi, Chuma na wenzao, walizika moyo wake palepale, wakautia mwili chumvi, wakaukausha juani, wakaubeba hadi Bagamoyo. Vuta uzi taratibu: Chitambo, Tabora, Bagamoyo. Uliza, “Nani walitembea safari hii?” Nyamaza. Wape muda.

Walimu wengi humtaja mzungu kwa jina, Waafrika wakabaki “wapagazi” tu. Mtoto anaondoka akiamini kutuma ni kazi ya Ulaya, kupokea ni yetu. Usiseme pia kwamba Wagogo hawakumjua Mungu. Jina Mulungu kwenye Biblia ya Chigogo halikuja na meli.

Mwishoni wachore mmisionari. Wote wakichora mzungu mwenye kofia, Jumapili ijayo mwalike mwinjilisti wa mtaani, aje na baiskeli yake.